Nyumba Moja, Mwendo Mmoja

Mikono ndiyo iliyomtia Inspekta Mwanakheri wasiwasi. Alikuwa amesimama kwenye dirisha la chumba cha upelelezi, kituo cha polisi Same, akimwangalia mahabusu Elirehema akitembezwa uani kunyoosha miguu, na mikono ya kijana yule ilikuwa ikipishana mbele na nyuma kama ya mtu yeyote anayewahi gulio. Hilo lilikuwa jambo jipya. Siku aliyoteremshwa kutoka Chome, kijijini kwao milimani, alishuka garini mkavu kama gogo, mikono imeganda mbavuni, akiburura hatua fupi fupi, uso haukunjiki wala haukunjuki. Alipoambiwa baba yake ameshazikwa, hakupepesa hata jicho. Askari wa zamu, ambao kwa kawaida hawaafikiani hata juu ya chai, waliafikiana kwamba huyu si mtu, ni jiwe.

Kesi yenyewe ilikuwa imeiva. Mzee Sifael, baba mzazi wa Elirehema, alikufa katika jiko la nyumba yake, makande ya mahindi na maharage yamejaa kwenye njia ya hewa, alama za vidole zipo tayani na shingoni. Jirani yake, Abednego, aliyekwenda kuazima sururu, alimkuta kijana amempigia baba yake magoti kifuani, vidole vimezama kinywani mwa mzee. Na Elirehema, ambaye kijiji kizima kilijua ana ugonjwa wa akili wa miaka mingi, alisema sentensi moja na hakuiongezea nyingine: "Mimi ndiye niliyemuua." Aliirudia hivyo hivyo mbele ya mlinzi wa amani, hakimu anayeandika maungamo. Maiti ipo, shahidi yupo, ungamo lipo. Mpelelezi mvivu angekwenda kulala. Mkuu wa Upelelezi alitaka jalada limfikie wakili wa serikali kabla ya Jumatatu, siku ambayo kijana angesomewa shtaka la mauaji. Akishasomewa hilo hakuna dhamana. Angekaa rumande mwaka, pengine miaka, na mgonjwa wa akili rumande huisha mapema kuliko wengine.

Mwanakheri hakuwa mvivu, na hilo lilikuwa limeshamgharimu vyeo viwili. Mwanzoni alimshuku Abednego. Yule bwana na marehemu walikuwa hawapikiki chungu kimoja kwa ajili ya zamu ya maji ya ndiva, lile bwawa la wazee linalonywesha mashamba ya upande ule, na kila mmoja alidai mwenzake hufungulia maji kabla ya saa yake. Alimbana mpaka jasho likamtoka katika baridi ya Chome. Lakini Abednego, pamoja na ulimi wake mchafu, alikuwa na mashahidi safi: asubuhi yote alikuwa na kamati ya ndiva wakizibua tope, na sururu aliyokwenda kuazima ilikuwa ya kazi hiyo. Akaachwa. Jambo moja tu alilolisema kwa dharau lilibaki limemganda Mwanakheri kichwani, kwamba mzee naye siku za mwisho alikuwa akitembea kama mwanawe, hatua fupi, mate yanamtoka, kijiko kinamcheza mkononi. Ukiishi na kichaa, alisema Abednego, utatembea kama kichaa.

Sasa, pale dirishani, maneno hayo yalimrudia. Mama wa kijana alikuwa ameandikisha maelezo kwamba Elirehema alikataa dawa tangu Pasaka. Kama ni ugonjwa uliomkausha viungo, mbona viungo vinalegea huku mahabusu, mahali ambapo hakuna aliyempa hata panado? Selo haijawahi kumponya mtu. Basi kulikuwa na kitu alichokuwa akipata nyumbani ambacho hapa hakipati, na kitu hicho, kwa namna fulani, alikuwa akikipata pia mzee wa miaka sabini na ushee ambaye hakuwa na ugonjwa wowote. Akafunga jalada, akachukua ushungi wake na ufunguo wa gari.

Daktari Honorata aliendesha kliniki ya magonjwa ya akili katika zahanati ndogo ya misheni, nje kidogo ya mji, mahali ambapo upepo wa Same hujaza vumbi mpaka ndani ya droo. Alikuwa mama mnene mwenye sauti ya chini. Mwanakheri alipomuuliza ni nini humkausha mtu viungo, badala ya kujibu aliushika mkono wake, akaukunja na kuukunjua kwenye kiwiko. Ulikwenda bila shida. Akasema mkono wa mtu aliyekolea haloperidoli, dawa aliyoandikiwa Elirehema, haukunjiki hivyo, hukwama na kuachia, hukwama na kuachia, kama baiskeli yenye mnyororo mkuukuu.

"Ndiva unaijua?" aliuliza. "Kichwani mna maji yake, yanaitwa dopamini. Mfereji mmoja unakwenda kwenye shamba la maana. Kwa mgonjwa kama Elirehema mfereji huo umefurika, afande. Kila kitu kina maana. Jirani akikohoa, ni ujumbe wake yeye. Sahani ikiletwa, ina sumu. Dawa inaziba lango, shamba linakauka, sauti zinanyamaza, mtu analala. Ila dawa haina macho. Inaziba na mfereji wa pili, unaokwenda kwenye shamba la mwendo."

Hapo, aliendelea kueleza, ndipo mikono huacha kupunga na uso kuganda. Wanaopiga picha za ubongo huona hata sehemu ya mbele, panapokaa hamu na utashi, imepoa. Mgonjwa anaweza kuwa anaungua kwa huzuni ndani, na nje usione hata moshi. Mwanakheri alikumbuka lile jicho lisilopepesa na akaona aibu. Kituo kizima kilikuwa kimesoma kidonge kikadhani kinasoma roho.

Akauliza lile lililomleta. Je, dawa hiyo akiila mzee, mzima wa akili, kila siku?

Maji ya mzee, alisema daktari, huwa yameshapungua yenyewe kwa umri. Ukiziba na hayo kidogo yaliyobaki, anakauka mara mbili ya kijana. Kumeza nako ni mwendo. Koo ni misuli, na misuli isiyopata amri husahau kazi yake. Mzee wa namna hiyo anaweza kupaliwa na uji, sembuse makande.

"Elirehema bado anachukua dawa kwako?"

"Yeye haji. Anakuja mama yake." Daktari Honorata alivua miwani. "Mwezi wa juzi alikuja akilia, akasema dozi haimshiki tena, mtoto anasikia sauti. Nikamuuliza, anameza? Akaniapia anameza. Nikaongeza mara mbili." Kisha akauliza kwa sauti ndogo mzee alikuwa na umri gani. Wakati Mwanakheri anaondoka alimfungia dozi ya Elirehema kwenye bahasha na kumsihi ampe haraka, kwa sababu dawa ikishakwisha mwilini sauti hurudi, na hurudi na hasira za kufungiwa nje.

Njiani kupanda Chome, gari likiacha lami na mashamba ya mkonge na kuanza kukwaruza mawe, Mwanakheri aliipanga hadithi mpya, nayo ilipangika vizuri mno. Mama anachukua dawa za mtoto aliyezikataa. Dawa zinazidi. Mume anaanza kukauka, anakufa, mtoto anabebeshwa kosa. Wanawake wanaochoshwa na waume wao hawakuanza leo wala hawaishi Upareni peke yao. Hata alimwambia dereva waandae pingu. Alikuwa na hakika, na hakika ile ilimpa faraja kidogo ambayo baadaye aliikumbuka kwa uchungu.

Mama Elirehema, ambaye jina lake la ubatizo ni Eliaichi, alikuwa jikoni akichambua maharage. Ukungu wa mlima Shengena ulikuwa umeshuka mpaka kwenye migomba. Mwanakheri akamwamkia shikamoo, akaitikiwa marahaba, akaulizwa hali ya huko bondeni na joto lake. Kisha mama akapakua makande kwenye bakuli, bila kuuliza kama mgeni ana njaa. Kabla hajalitoa, alichota kijiko kimoja akala, akachota cha pili akala, akameza mgeni akimwona, ndipo akampa kijiko kingine safi pamoja na bakuli.

"Ndiyo desturi yetu," alisema. "Mwenye nyumba anaonja kwanza. Mgeni asile na wasiwasi."

Mwanakheri alilishika bakuli lile la moto, na ile hadithi yake nzuri ikaanza kumomonyoka. Alilitua chini.

"Mama, Elirehema alikuwa anaogopa chakula, sivyo? Nani alikuwa anamwonjea?"

Mkono wa mama ulisimama juu ya ungo. Kisha akasema, "Baba yake," na baada ya hapo hakuhitaji kuulizwa, yalitoka yote.

Miaka mitatu iliyopita, kabla hawajaijua kliniki, Elirehema alikimbia sauti zake akaingia msitu wa Shengena katika miezi ya baridi. Wapasua mbao walimkuta amejikunja kwenye shina, miguu imevimba, amebakiza pumzi. Baba zake wadogo wakashauri afungwe kamba kwenye nguzo ya jiko, naye akafungwa, hii hapa, mama akaigusa ile nguzo bila kuitazama. Dawa ndizo zilizomfungua. Alipozikataa, akisema zinamfanya maiti anayetembea, mama hakuwa na moyo wa kuiona kamba tena. Akaanza kuvisaga vidonge na kuvikoroga kwenye makande yake, bakuli lake peke yake, ladha ya maharage ikafunika. Lakini mgonjwa naye hakuwa mjinga. Alilitazama bakuli akasema lina kitu. Ndipo Mzee Sifael akafanya kile ambacho baba yeyote wa Kipare angefanya kumwondolea mtu shaka: akachota, akaonja mbele ya macho ya mwanawe. Kijiko kimoja hakikutosha. Elirehema alitaka aone bakuli limefika nusu. Basi kila siku mzee akala nusu, mtoto akala nusu, na dawa ikagawanyika nusu kwa nusu. Mtoto hakupoa vya kutosha. Mama akashuka Same kuomba iongezwe.

"Mzee alijua kilichomo?"

"Nilimwambia mwenyewe. Akasema, dawa ya hospitali inatibu mgonjwa, itamfanya nini mzima? Akasema bora yeye apate usingizi kuliko mtoto apate msitu." Alijifuta uso kwa pembe ya khanga. "Alipoanza kutetemeka nikasema ni uzee. Tukasema wote wawili ni uzee. Ningemwambia daktari vipi kuwa namdanganya mtoto? Na mtoto akijua, si ndiyo basi, hali tena kwangu mpaka nife?"

Wahenga walisema mficha maradhi kifo humuumbua. Hawa maradhi waliyaanika, wakaficha dawa, na kifo kikawaumbua vilevile. Mwanakheri aliuliza swali la mwisho kwa sababu kazi ilimtaka aulize: siku ile ilikuwaje? Mama hakuwapo jikoni, alikuwa mferejini akisubiri maji. Aliposikia kelele na kukimbia, alimkuta mumewe chini, na mwanawe, yule aliyekaushwa hata asiweze kulia, akimwambia polepole, mama, nyamaza, usiseme kitu, mimi ndiye niliyemuua. Naye alinyamaza. Mpaka leo alikuwa hajaelewa kwa nini aliambiwa vile, ila alinyamaza kwa sababu alikuwa na hofu. Akasema hivyo hivyo, "nilikuwa na hofu, mwanangu," na hakujitetea zaidi.

Pingu zilibaki garini. Mama aliomba nafasi ya kufungia kuku, akaosha sufuria, akamwaga yale makande ambayo mgeni hakuyala, na akapanda kiti cha nyuma na koti la mvua la mumewe mabegani, kuukuu na lililompwaya. Kuteremka kote aliuliza jambo moja tu, kama huko bondeni wanampa mwanawe blanketi.

Walifika kituoni jua bado kali. Mwanakheri alimwacha mama kaunta kwa askari wa zamu, akaagiza Elirehema aletwe chumba cha mahojiano. Mwendo wake ulikuwa umefunguka kabisa sasa, na uso pia: midomo ilimtetemeka, macho yalikuwa mekundu. Alikaa kitini ameinamisha kichwa upande mmoja, kama mtu anayesikiliza ugomvi wa chumba cha pili.

Mwanakheri aliitoa bahasha ya Daktari Honorata akaiweka mezani, akamwambia waziwazi ni dawa gani na kwa nini aimeze. Hakutaka tena kitu cha kufichwa katika kesi hii. Kijana aliisukuma kwa kidole kimoja mpaka ukingoni mwa meza.

"Hii ndiyo iliyomkausha baba," alisema.

Basi alikuwa anajua. Mwanakheri alimuuliza alijua tangu lini, na Elirehema akamsimulia, akikatiza kila mara kuwanyamazisha wale aliokuwa akiwasikia. Alikuwa ameiona mikono ya baba yake. Asubuhi moja wakiota moto aliviona vidole vya mzee vikisuguana vyenyewe, kidole gumba juu ya cha shahada, kama anayepukuchua mbegu, na vyake mwenyewe vilikuwa vikifanya hivyo hivyo. Mwendo ule aliujua kwa ndani. Katika dakika ile aliyajua mawili: kwamba kuhusu lile bakuli hakuwahi kuwa kichaa, na kwamba aliyelikoroga alikuwa mama yake. Hakusema. Aliona akisema mama ataanguka palepale. Akaamua moyoni kwamba kuanzia siku hiyo atalila bakuli zima peke yake, na sumu yake iwe yake.

"Nikamwambia, baba, leo usionje, nakuamini. Hakuniamini yeye. Alidhani nimeshaanza tena, kwamba nataka kulimwaga nikimbilie msituni. Akaninyang'anya, akachota kwa mkono, akajaza kinywa ili nimwone. Akataka kutabasamu, akapaliwa. Nikatia vidole, afande, nikatia vyote. Makande yalikuwa mbali."

Akalia. Yalikuwa machozi ya kwanza ambayo kituo kile kiliyaona kutoka kwake, na Mwanakheri, ambaye aliyatafuta usoni mwake tangu siku ya kwanza kama ushahidi, alitamani yasingetoka. Kisha akamweleza kwa utaratibu kwamba wakili wa serikali ataona maelezo mapya, kwamba shtaka la mauaji halitasimama, kwamba Jumatatu hatapandishwa kizimbani yeye.

Elirehema aliinua kichwa. Kwa mara ya kwanza hakuwa akisikiliza chumba cha pili.

"Atapandishwa nani?"

Mwanakheri aligeuza macho kuelekea kaunta, alikokuwa amemwacha mama.

"Nilishakupa mtu, afande," alisema Elirehema. "Nilikupa mtu ambaye kila mmoja alikuwa tayari kumwamini. Kazi yako ilikuwa imekwisha. Ulipanda huko juu kutafuta nini?"

Angeweza kumjibu kwamba alipanda kutafuta ukweli. Neno hilo alilitamka mara nyingi mahakamani na kwenye semina, na lilimjia mpaka kwenye ulimi, lakini mbele ya kijana yule lilimshinda kulitoa. Akamwambia tu kwamba kosa la mama ni kuua bila kukusudia, kwamba mahakama ina huruma, kwamba huenda asifungwe. Huenda. Yeye mwenyewe aliwahi kuona majaji wa kila aina.

"Na mimi nikirudi nyumbani," aliuliza Elirehema, "nitakula kwa mkono wa nani?"

Aliuliza kwa utulivu na kumtazama usoni, akisubiri kweli aambiwe. Mlango ulikuwa umeachwa wazi kwa ajili ya joto. Kutoka kaunta, sauti ya Mama Elirehema ilisikika ikimuuliza askari wa zamu, kwa adabu, kama mwanawe ameshakula.